Buruse ya utafiti huanza na swali lako mwenyewe



Ndugu zangu wanafunzi, kila muhula unapokaribia kwisha hunijia vijana wawili watatu baada ya Isha, hapa msikiti wa chuo, na swali lao huwa lilelile: "Kaka, wewe ulipataje ile buruse ya Saudia?" Wengi hutaka niwape anwani ya tovuti na mfano wa barua wanakili. Anwani si kazi kuipata. Mfano wa barua sitampa mtu, na katika somo hili nitaeleza kwa nini, maana sababu yenyewe ni aibu yangu mwenyewe.

Nimesomea uhandisi wa ujenzi hapa Bujumbura, na nikaendelea na shahada ya uzamili upande wa maji. Katika mwaka wa pili wa uzamili nilipata nafasi ya miezi sita ya utafiti katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mfalme Abdullah, kinachojulikana kwa kifupi KAUST. Nitaeleza buruse ya utafiti ni kitu gani, nilikosa vipi mara ya kwanza, nilipata vipi mara ya pili, na milango mingine iliyo wazi kwa mwanafunzi wa uhandisi au mazingira kutoka nchi zetu hizi.

Buruse ya utafiti ni nini

Wengi wetu tunachanganya buruse mbili. Ipo buruse ya masomo: unafaulu mtihani, unalipiwa ada, unakaa darasani. Mwanzoni hutazamwa zaidi alama zako, na mara nyingine hali ya familia yako. Ipo pia buruse ya utafiti. Hapo chuo kina maabara, maabara ina msimamizi, na msimamizi ana maswali anayoyafanyia kazi. Anatafuta mtu wa kumsaidia kuyajibu. Anayekulipa anataka kujua jambo moja: je, huyu akiachwa peke yake na tatizo, atafanya nini?

Kwa hiyo alama nzuri zinakufikisha mlangoni tu. Umaskini wa nyumbani, hata ukiwa wa kweli, hauwezi kuwa ndio hoja yako, kwa sababu maombi yanayofika mezani ni mengi na shida tunazo wengi. Mlango hufunguliwa na swali ulilo nalo na ushahidi kwamba umeanza kulihangaikia.

Haya niliyajua baadaye. Mara ya kwanza sikuyajua.

Barua niliyoinunua

Nilipomaliza shahada ya kwanza nilikuwa na haraka. Kaka yangu mkubwa alikuwa amenilipia gharama za masomo kwa kazi yake ya biashara ndogo, na kila Ijumaa mama aliniuliza kama kuna habari. Nikaona tangazo la buruse ya uzamili katika chuo kimoja cha ng'ambo ambacho sitakitaja. Walitaka wasifu, karatasi za matokeo, barua mbili za mapendekezo na barua ya maelezo yangu binafsi kwa Kiingereza. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha kubahatisha, maana sisi tumesoma kwa Kifaransa.

Nikaambiwa kuna kijana mjini anayeandika barua hizo kwa malipo. Nikampa wasifu wangu na pesa. Baada ya siku mbili akaniletea kurasa mbili zenye Kiingereza cha kupendeza. Nilizipitia harakaharaka, maneno mengi sikuyaelewa, nikazituma.

Mwezi mmoja baadaye nikaitwa kwenye mahojiano kwa video. Nyumbani tulisherehekea kana kwamba nimeshapata. Siku ilipofika, walikuwa watu watatu. Mama mmoja, kwa upole kabisa, akaniuliza: "Umeandika kwamba umefanya kazi na utando wa kuchujia maji. Ulikuwa wa aina gani, na uliusafishaje ulipoziba?"

Ndugu zangu, nilikuwa sijapata kuuona utando wa kuchujia maji kwa macho yangu. Yule kijana alikuwa ameongeza. Nami nilikuwa nimeweka jina langu chini yake. Nilinyamaza, kisha nikasema kitu ambacho hata mimi sikukielewa. Mama yule akanishukuru, mahojiano yakaisha kabla ya dakika kumi. Jibu la kukataliwa lilikuja baada ya siku chache, lakini mimi nilikuwa nimeshalijua tangu siku ile.

Kwa muda mrefu nilimlaumu yule kijana. Baadaye nilikiri kwamba kosa lilikuwa langu. Jina lilikuwa langu, na kutia jina chini ya maneno ni kutoa ushahidi. Tumefundishwa tangu chuoni kwa maalimu uzito wa ushahidi wa uongo, lakini wakati wa kutuma maombi tunaona kama hayo ni mambo ya mahakamani tu. Nilimweleza kaka yangu ukweli wote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi safari hii andika kile unachokijua." Nikamjibu kwamba sijui chochote cha kuandika. Akasema: "Anza kujua."

Ndoo ya msikitini

Nilijiunga na uzamili hapahapa nyumbani. Siku moja Buyenzi, wakati wa Magharibi, maji ya bomba yalikuwa yametoka baada ya kukatika siku mbili, na watu walikuwa wakitawadha. Nikatazama maji yakitiririka kwenye mfereji, yakitoka nje, yakipotelea barabarani. Nikajiuliza: ni maji kiasi gani haya? Kesho yake nikaenda na ndoo.

Mzee anayeangalia msikiti alinizuia. "Mwanangu, maji yakishapita miguuni mwa watu, unataka kuyarudisha wapi?"

Nikamwambia: "Shikamoo mzee. Sitaki yarudi kwenye udhu. Nataka kujua tu yanayopotea ni mangapi."

Akaniruhusu kwa sharti kwamba nisimsumbue mtu na nisimpige mtu picha. Nikaweka ndoo chini ya bomba moja, kila mtu akimaliza namimina kwenye kidumu nilichokitia alama za lita kwa rangi, naandika. Kwa wiki moja nilipima watu arobaini. Wengi walitumia kati ya lita nne na sita. Mmoja alifika lita tisa. Wawili tu walikuwa chini ya lita mbili. Tunajua sote katika hadithi sahihi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alitawadha kwa mudd moja, ujazo wa viganja viwili vilivyoshikana, ambao haufiki lita moja. Nilipomsomea mzee daftari langu, alicheka, kisha akanyamaza. Ijumaa iliyofuata imamu aligusia israfu ya maji kwenye hotuba.

Hapo swali la pili likaja lenyewe: maji haya yanaweza kusafishwa yatumike kwa kazi nyingine, kama kumwagilia miti ya uani na kuoshea vyoo? Nikatengeneza chujio la mchanga kwenye pipa: kokoto chini, mchanga mkubwa katikati, mchanga laini juu, maji yakishuka polepole. Chujio la namna hii ni kazi ya zamani, lilitumika kusafisha maji ya mji wa London tangu mwaka 1829, na linafanya kazi kwa sababu mbili. Mchanga unakamata uchafu, na juu ya mchanga hujijenga tabaka jembamba lenye viumbe hai wadogo ambao hula vijidudu vingine. Tabaka hilo huchukua siku nyingi, pengine wiki kadhaa, kukomaa. Baada ya mchanga nilitia klorini.

Sikuwa na vifaa vya bei. Kupima maji yaliyotibuka, nilitumia mrija mrefu wa kung'aa wenye alama ya msalaba mweusi chini: unamimina maji mpaka msalaba usionekane tena, unasoma kimo. Kupima vijidudu vya kinyesi, dada mmoja wa idara ya biolojia alinisaidia kuotesha sampuli kwa saa 24 na kuhesabu madoa.

Nilifanya jaribio siku kumi na mbili. Siku tisa, baada ya klorini, hatukuona doa hata moja. Siku tatu madoa yalibaki, ingawa nilitia klorini kiasi kilekile. Sikujua kwa nini. Nilijaribu kuzifuta siku hizo tatu katika jedwali ili ripoti ipendeze. Nikakumbuka yale mahojiano, nikaziacha.

KAUST: mlango wenyewe ulivyo

Sasa niwaeleze mahali penyewe. KAUST kilifunguliwa Septemba 2009 katika mji mdogo wa Thuwal, kando ya Bahari ya Shamu, kiasi cha kilomita 80 kaskazini mwa Jeddah. Hakina shahada ya kwanza. Ni chuo cha uzamili na uzamivu tu, na masomo yote ni kwa Kiingereza. Wanaume na wanawake wanasoma pamoja, na wanafunzi wametoka kila pembe ya dunia, Waislamu na wasio Waislamu.

Kwa mtu wa fani zetu, matawi yaliyopo ni pamoja na sayansi na uhandisi wa mazingira, uhandisi wa kemikali, uhandisi wa mitambo, umeme na kompyuta, sayansi ya vifaa, sayansi ya bahari, na sayansi ya ardhi. Angalieni jambo hili: tawi la uhandisi wa ujenzi halipo. Nimewaona wenzangu wa ujenzi wakisoma orodha, wasione jina la fani yao, wakafunga ukurasa. Mimi ni mtu wa ujenzi, nikaingilia upande wa mazingira, kwa sababu swali langu lilikuwa la maji. Soma orodha kwa swali lako, usiisome kwa jina la cheti chako.

Njia za kuingia ni mbili kubwa.

Ya kwanza ni kuomba uzamili au uzamivu moja kwa moja. Kila mwanafunzi aliyekubaliwa hupewa ufadhili wa chuo: ada yote, posho ya kila mwezi, nyumba, na matibabu. Huhitaji kutafuta mfadhili mwingine. Kwa sababu hiyo ushindani ni mkali, na alama za juu zinahitajika. Anayeomba uzamivu ajue kwamba lazima apatikane profesa anayetaka kumsimamia.

Ya pili ni programu ya wanafunzi wageni wa utafiti, inayoitwa VSRP. Hii ni ya miezi mitatu hadi sita, kwa mwanafunzi ambaye bado ameandikishwa chuoni kwake, aliyefika miaka ya mwisho ya shahada ya kwanza au aliye kwenye uzamili. Maprofesa huweka miradi yao wazi, wewe unaomba mradi mmoja, na profesa mwenyewe ndiye anayekuchagua. Wanalipa tikiti ya ndege, malazi, na posho. Mimi nilipita njia hii, na naipendekeza sana kwenu mlioko mwaka wa mwisho. Ukishapokea cheti na kuondoka chuoni, mlango huu unafungwa.

Kuhusu Kiingereza: nilipoomba, kiwango kilichotakiwa kwa uzamili na uzamivu kilikuwa IELTS 6.5 au TOEFL 79. Vyeti hivyo hudumu miaka miwili tu, kwa hiyo usifanye mtihani mapema mno. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tuanze Kiingereza tangu mwaka wa kwanza. Mimi nilijifunza kwa kusoma muhtasari mmoja wa makala ya kisayansi kila siku baada ya Alfajiri, nikiandika maneno mapya pembeni ya daftari. Mwezi wa kwanza muhtasari mmoja ulinichukua saa nzima. Mwezi wa sita ulinichukua dakika kumi.

Kwa nini hasa KAUST kwa swali langu? Kwa sababu Saudia haina mito ya kudumu. Maji mengi ya mijini hutoka baharini baada ya kuondolewa chumvi, na kazi hiyo hula nishati nyingi. Kwa hiyo maji yaliyotumika ni mali, na kuyasafisha ni kazi ya kila siku. Hata suala la sheria walishalifikia. Mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudia lilitoa uamuzi kwamba maji taka yakisafishwa mpaka rangi, ladha na harufu ya najisi ikaondoka, yanakuwa tahara na yanafaa hata kwa udhu, mradi yasiwe na madhara kwa afya. Na kuyanywa waliona ni bora kuepuka. Nilimsomea mzee wangu wa Buyenzi uamuzi huo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Basi wao wanajua kuyapima. Sisi tuanze na miti." Nikaona amesema sawa. Fatwa ile imesimama juu ya kipimo, na mimi kipimo changu kilikuwa kinashindwa siku tatu kati ya kumi na mbili.

Mahojiano ya pili

Nilipata mradi mmoja kwenye orodha uliohusu usafishaji wa maji yaliyotumika na vijidudu vinavyobaki. Nikasoma makala mbili za maabara ile. Nikaandika barua mwenyewe, kwa Kiingereza changu kifupi. Dada yule wa biolojia alinisahihishia sarufi, lakini hakuongeza hoja hata moja. Nilieleza ndoo, watu arobaini, pipa la mchanga, siku tisa na siku tatu. Nikaandika wazi kwamba sijui kwa nini klorini ilishindwa, na kwamba sijawahi kutumia utando wa kuchujia.

Mahojiano yakaja. Profesa hakuuliza alama zangu. Aliuliza: "Zile siku tatu, mvua ilikuwa imenyesha?" Nikafungua daftari. Siku mbili ilikuwa imenyesha. "Na ya tatu?" Ya tatu ilikuwa siku ambayo mzee alikuwa ameosha sakafu ya msikiti kwa sabuni, nami nilikuwa nimeandika pembeni bila kujua kwamba lina maana. Tulizungumza juu ya siku hizo tatu kwa muda wote wa mahojiano. Mwisho akasema: "Njoo tulitafute jibu."

Zile siku tatu nilizotaka kuzifuta ndizo zilizonipeleka.

Niliyoyakuta Thuwal

Nisiwachoshe na habari za majengo na bahari. Nitaje mambo matatu ya kazi.

Kwanza, jibu la klorini. Klorini ikiingia majini haiendi kwa vijidudu peke yao. Sabuni, jasho, mafuta ya ngozi na uchafu mwingine nao huila. Maji yaliyotibuka huvificha vijidudu ndani ya chembe. Kwa hiyo kipimo cha maana ni kile kinachobaki baada ya muda, na mimi nilikuwa nikipima nilichotia tu. Shirika la Afya Duniani linataka klorini isiyopungua miligramu 0.5 kwa lita ibaki baada ya dakika 30 za kuchanganyika, na maji yawe yameshatulia na kung'aa kabla. Mwaka mzima nilikuwa nikipima upande usio sahihi, na ilinichukua wiki mbili kuliona nikiwa na watu sahihi pembeni.

Pili, hatimaye niliuona utando wa kuchujia. Vitundu vyake ni vidogo kuliko bakteria, ambaye upana wake ni kama sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa hiyo bakteria hubaki nyuma. Virusi wengi ni wadogo zaidi na wanaweza kupenya, hivyo bado unahitaji hatua nyingine baada yake. Siku ya kwanza niliyoushika mkononi, nilimkumbuka yule mama wa mahojiano ya kwanza. Sasa ningeweza kumjibu, hata namna ya kuusafisha ukiziba.

Tatu, tabia ya kurudia. Kila sampuli tulipima mara tatu, na kila siku tulipima pia sampuli ya maji safi matupu ili tujue kama vifaa vyenyewe vimechafuka. Wiki ya nne sampuli tupu ilionyesha vijidudu. Maana yake kazi yangu ya siku nne ilikuwa bure. Niliogopa kusema, nikasema. Msimamizi aliandika ubaoni tarehe na sababu, tukaanza upya, wala hakuna aliyenifokea. Mle ndani, kosa lililoandikwa lilihesabiwa kama kazi. Kosa lililofichwa ndilo lingenirudisha nyumbani.

Namna ya kuandaa maombi yako

Nayaweka kwa mpangilio ili mpate kuyafuata.

1. Tafuta swali kabla ya tangazo. Litazame karibu: mto Ntahangwa unaokula kingo zake na kuangusha nyumba, taka za masokoni, moshi wa mkaa jikoni kwa mama, visima vinavyokaribiana na vyoo, maji ya ziwa Tanganyika kandokando ya mji. Chagua moja unaloweza kulipima kwa mikono yako.

2. Pima kitu. Hata kama ni kwa ndoo. Andika tarehe, saa, hali ya hewa, na kila jambo lililotokea hata ukiliona dogo. Usifute matokeo mabaya.

3. Soma kazi ya maabara unayoiomba, walau makala mbili, na uwe na swali moja juu yake.

4. Andika barua ya ukurasa mmoja. Aya ya kwanza: swali lako na kwa nini linakugusa. Ya pili: ulichofanya na ulichopata. Ya tatu: usichokijua bado, na kwa nini maabara ile ndiyo mahali pa kukitafuta. Ya nne: utarudi na nini. Sifa za chuo usiziandike, wanazijua.

5. Ukimwandikia profesa, mtaje kwa jina na uitaje kazi yake. Barua moja iliyotumwa kwa maprofesa arobaini hutambulika kwa mstari wa kwanza. Akikaa wiki mbili bila kujibu, mkumbushe mara moja kwa adabu, kisha mwachie.

6. Walimu wa kukuandikia mapendekezo wape walau wiki tatu, na uwape daftari lako walione. Mwalimu aliyeona kazi yako huandika barua tofauti kabisa na aliyeona alama zako tu.

7. Nyaraka zianze mapema: pasipoti, tafsiri rasmi ya vyeti, karatasi za matokeo zenye muhuri. Mwenzangu mmoja alikosa nafasi kwa sababu ya pasipoti tu.

8. Mtu akikwambia mpe pesa akupatie buruse, mkimbie. Vipo vyuo vinavyotoza ada ndogo ya maombi, lakini hiyo hulipwa kwa chuo chenyewe, haipiti mkononi mwa wakala.

Milango mingine

KAUST ni mlango mmoja, na wengi mtaukosa hata mkifanya yote haya. Msikate tamaa, ipo mingine.

Chuo Kikuu cha Afrika cha Umoja wa Afrika, PAU, kina taasisi zake katika kanda mbalimbali na hutoa buruse kamili za uzamili na uzamivu kwa Waafrika. Watu wa maji, nishati na tabianchi watazame taasisi ya Tlemcen, Algeria. Watu wa uhandisi na teknolojia watazame ile iliyo JKUAT nchini Kenya.

Karibu zaidi, Arusha ipo Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia, yenye kituo cha WISE-Futures kinachoshughulika na maji na nishati. Kigali, Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo cha nishati endelevu. Huko hutahitaji ndege, na maswali yao ni yetu.

Benki ya Maendeleo ya Kiislamu iliyopo Jeddah ina programu ya buruse kwa jamii za Waislamu katika nchi zisizo wanachama wake. Burundi, Rwanda, Kongo, Tanzania na Kenya si wanachama, kwa hiyo programu hiyo inatuhusu. Uganda ni mwanachama na ina utaratibu wake.

Dada zangu, lipo shirika la OWSD lenye makao Trieste, Italia, linalofadhili uzamivu wa wanawake katika sayansi na uhandisi kutoka nchi zilizobaki nyuma kisayansi, ikiwemo yetu. Dada yule wa biolojia aliyenihesabia madoa sasa anaandaa maombi yake huko. Swali lake limetokana na zile zile sahani zetu.

Kwa kumalizia

Nilirudi Bujumbura na begi la nguo na daftari la pili. Chujio la Buyenzi tumelibadilisha: maji yanatulia kwanza siku moja, siku ya sabuni tunayaachia yaende zake, na klorini tunapima kinachobaki baada ya nusu saa. Miti ya uani inamwagiliwa. Kwa udhu bado tunatumia bomba, na mzee ameweka kopo karibu na kila bomba kwa anayetaka kutawadha kwa kipimo. Wachache wanalitumia. Mzee mwenyewe ni mmoja wao.

Kazi ya wiki hii kwa kila mmoja wenu: andika swali moja juu ya jambo unalolipita kila siku ukienda darasani. Chini yake andika kitu kimoja unachoweza kupima kabla ya Ijumaa, na uende ukakipime. Jumamosi baada ya Alasiri tutakaa kwenye ukumbi mdogo wa msikiti, kila mtu na daftari lake. Barua tutaziandika baadaye, kila mtu yake kwa mkono wake.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa na ndimi za kweli. Wabillahi tawfiq.